Kistari Juu ya Irabu ya Mwisho

Ofisi ya Kumbukumbu, Uwanjani
3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumai magoti yametulia na kuku wako wameacha kukuingilia jikoni. Simu najua huipendi, kwa hiyo nimerudia kalamu.

Nimekalia kiti chako, kile chenye mguu mfupi. Karatasi uliyoikunja ukaisokomeza chini yake bado ipo, na nimeiacha palepale. Kazi waliyonipa ni ya ukuta. Uwanja unajengewa ukuta wa mawe langoni, na kila aliyewahi kuchukua ubingwa wa taifa anachongwa jina lake. Mchongaji ni mzee mkali kama pilipili. Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe karani, mimi nikishachonga sina kifutio. Niletee majina yaliyonyooka, au usiniletee kabisa."

Basi nahangaika na alama. Sisi Kiswahili chetu tunauachia ulimi: barabara ya lami na sawa barabara zinaandikwa vilevile, msomaji ajijue. Majina ya wanariadha hayana huruma hiyo. Kuna yenye vitone viwili juu kama macho ya chura, kuna yenye kikofia, kuna yenye mkia chini ya herufi. Ubao wa matokeo hauzijui hizo alama. Ukikutana nazo unaweka alama ya kuuliza. Mwezi uliopita mruka juu mmoja aliliona jina lake limejaa maulizo, akanijia ofisini: "Kwani mnanitilia shaka?"

Lakini ninachokuandikia ni hiki. Katika makabati nimekuta karatasi uliyoipiga kwa taipureta miaka kumi na miwili iliyopita, mita elfu moja na mia tano, wanawake. Wa kwanza na wa pili ni jina moja, herufi kwa herufi, ukiacha vistari vya wino nilivyodhani ni madoa. Mtu kajishinda mwenyewe! Nilicheka peke yangu mpaka nilipofungua daftari la usajili. Kumbe ni mapacha. Majina yao yanatenganishwa na kistari kimoja tu, kile cha kupandisha sauti: mkubwa anacho juu ya irabu ya kwanza, mdogo juu ya irabu ya mwisho. Mwaka uliofuata jina hilo limeshinda tena, safari hii moja tu, wala halina kistari popote. Nimeinua karatasi ya mwaka huo dirishani. Juu ya irabu ya kwanza pamekwanguliwa mpaka mwanga unapita. Juu ya irabu ya mwisho, vilevile.

Wewe hukuwa mtu wa kukwangua, Shangazi. Huyo ni pacha yupi?

Nimepeleka fomu mbili, kila mmoja yake, kwa anwani iliyo daftarini. Kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake na alama zake zote.

Mtoto wa kaka yako


14 Machi

Kwa Karani wa Uwanja,

Salamu. Nimepokea bahasha mbili za wanangu. Nakurudishia moja.

Binti yangu mdogo ni marehemu, mwaka wa kumi na moja huu. Walikuwa wakifanya mazoezi alfajiri, lori la mchanga likawakuta. Nakala ya cheti cha mazishi hiyo hapo. Utaona kistari kiko mwisho. Huyo ndiye aliyetutoka.

Nakuomba usimwandikie tena. Barua ya marehemu ikibisha hodi, kuna mtu wa kuipokea, na mtu huyo ni mimi.

Fomu ya mkubwa nimempelekea shuleni anakofundisha michezo. Atakujibu mwenyewe.

Mama wa mapacha


22 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hujanijibu, na sasa nahitaji jibu kuliko nilivyolihitaji mwanzo.

Mama wa wale mapacha ameniandikia: mdogo amekufa. Mwenye kistari mwisho. Cheti ninacho. Vizuri, nikasema, basi aliyebaki ni mkubwa, kistari mwanzo, kazi imekwisha.

Leo asubuhi fomu ya mkubwa imerudi kutoka shuleni. Imejazwa kwa wino wa bluu, mwandiko mzuri, tarehe ya juzi, saini imekolea. Na jina lililoandikwa ni la marehemu. Si kwamba kistari kimeteleza. Kimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka. Nimepitisha kidole upande wa nyuma na nimekihisi.

Nimeweka fomu na cheti pamoja juu ya meza. Jina moja, kistari palepale. Karatasi moja inasema mwenye jina yuko kaburini, nyingine inasema mwenye jina alishika kalamu siku ya Alhamisi. Saa nne asubuhi, jua linawaka, wafagiaji wanapiga soga nje, na mimi nimeinuka kufunga mlango wa ofisi.

Nimemwandikia huyo mwalimu wa michezo. Nimemwambia bila kuzunguka: mama yako anasema mwenye jina hili alifariki, nieleze.

Na wewe nieleze, tafadhali. Ulikwangua nini?

Mtoto wa kaka yako


30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kuku hawajambo. Mimi ndiye niliyekuwa nakukimbia.

Taipureta yangu haikuwa na alama. Nilikuwa napiga jina tupu, kisha naongeza vistari kwa kalamu, wino mweusi, kimoja kimoja, kama mtu anayetia hina. Nilijisifu kwa hilo. Siku ya ubingwa ule nilijua mmoja wa mapacha amefariki, kila mtu uwanjani alijua. Daftari lilisema aliyekimbia ni mkubwa. Nikapiga jina, nikatia kistari juu ya irabu ya kwanza, nikafunga ofisi. Ufunguo ulikuwa mmoja, nao nilikuwa nalala nao.

Asubuhi kistari kilikuwa juu ya irabu ya mwisho.

Usinambie nilikosea. Nilikaa nikakitazama. Kilikuwa na mlalo wa mkono wangu, kimekauka. Pale pa kwanza palikuwa peupe kama pasipoguswa na kalamu tangu dunia iumbwe. Nikakikwangua, nikatia kingine mwanzo. Kesho yake, mwisho tena. Ndipo nilipokwangua kote kuwili, nikaacha jina tupu. Bila alama, nilijiambia, hakuna anayedhulumiwa. Karatasi ikatulia, haikunisumbua tena.

Niliacha kazi baadaye nikasingizia magoti. Magoti yangu hayana neno. Kilichonitoa ni kwamba kila nikipita kwenye kabati lile nilijihisi mwizi, na nilikuwa sijui nimemwibia nani.

Mwulize aliye hai. Aliyekufa ameshasema alichoweza.

Shangazi yako


2 Aprili

Kaka Karani,

Umeuliza bila kuzunguka, nami nitajibu hivyo.

Mimi ndiye mdogo. Dada yangu ndiye aliyekufa.

Siku ile tulikuwa tumekaribiana, yeye upande wa barabara, mimi upande wa majani. Sikumbuki lori. Nakumbuka kuamka hospitalini, kichwa kizima kimefungwa bandeji, na mama ameniinamia. Machozi yake yananidondokea shingoni, na ananiita kwa jina la dada. "Umenibakia wewe, mwanangu mkubwa. Umenibakia wewe." Nilikuwa sijaweza kusema. Siku ya tatu nilipoweza, cheti kilikuwa kwenye meza kando ya kitanda, mwandiko wa mama, na jina lililozikwa lilikuwa langu.

Mama aliomba abakie mkubwa. Nikaamini amepewa alichoomba. Mimi nani wa kumnyang'anya? Nikawa mkubwa. Nikajifunza kucheka kwake, nikajifunza kulala kifudifudi kama yeye.

Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Katika mbio za ubingwa nilikuwa ndani kabisa, mkono wangu wa kushoto ukingo wa uwanja, hapana nafasi hata ya paka kupita. Mzunguko wa mwisho nikasikia mtu anahema kushoto kwangu. Naijua pumzi ile, nimelala nayo tangu tumboni. Watu wanasema nilishinda kwa kiu ya ubingwa. Sikuukimbilia ubingwa, kaka. Nilikuwa namkimbia yeye.

Sikushindana tena. Lakini asubuhi hukimbia peke yangu kwenye uwanja wa shule kabla wanafunzi hawajaja. Mwaka jana mzee anayechora mistari aliniita, amekasirika. "Mwalimu, mwenzako ana kasi, sikatai, ila mwambie asinikanyagie chokaa mbichi." Nikamuuliza mwenzangu yupi. Akanionyesha. Mistari miwili ya nyayo, yangu yenye viatu na nyingine peku, bega kwa bega uwanja mzima. Kwenye kona, ile ya peku imepita ndani, palipo na ukingo.

Fomu yako iliposema jiwe halifutiki, niliandika jina langu la kweli. Nilidhani mama hatapanda basi kuja kuutazama ukuta. Sikujua ungemuuliza. Sasa andika anavyosema yeye. Mimi nimeshazoea kuwa marehemu, sitaumia. Ila nakuomba kama mtu na kaka yake: mama asijue. Ana mtoto mmoja tu duniani, naye ni mkubwa. Usimuulie huyo pia.

Mwalimu wa michezo


6 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole kwa usumbufu. Mchongaji anasubiri, na kabla sijampa jina nina swali moja tu. Ile siku ya cheti, kistari ulikiweka wewe kwa mkono wako? Na una hakika nacho?

Usiponijibu nitaelewa.

Karani wa Uwanja


15 Aprili

Mwanangu karani,

Marahaba. Miaka kumi na moja nimengoja mtu aniulize hivyo, na nilikuwa naomba asitokee.

Walinionyesha wawili. Mmoja amefunikwa mpaka kichwani, mwingine amefungwa bandeji anapumua kwa mashine. Wakamfunua yule wa kwanza. Mwanangu, hata wakiwa wazima, wakilala, mimi niliyewazaa nilikuwa nangoja waamke ndipo nijue nani ni nani. Huyu hangeamka. Mhudumu akaniuliza jina, nikalitaja, akasema, "Andika mwenyewe mama, mimi hivyo vistari sivijui." Nikaandika. Mkono ukaweka kistari mwisho. Sikuchagua, wallahi sikuchagua. Niliweka kama mtu anayeweka nukta ili sentensi iishe.

Baada ya hapo yule mwingine alikuwa lazima awe mkubwa. Nikamwita hivyo. Naye hakukataa.

Miezi miwili baadaye walimtoa plasta ya mguu. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, yeye mlangoni anafunga viatu. Binti yangu mdogo alikuwa akifunga kamba kwa vitanzi viwili, mkubwa kimoja. Huyu alifunga viwili. Kisha akasita, akatazama huku na huku, akafungua, akafunga kimoja.

Nikajua nimemzika mkubwa kwa jina la mwenziwe. Na nikajua huyu anafanya makusudi. Nilijiambia, amemficha dada yake ndani yake ili asife kabisa. Nani mwenye moyo wa kumwambia mtoto, mtoe? Nikanyamaza. Namwita mkubwa, na kila nikimwita nasikia najiuma ulimi.

Kibao cha kaburi nimekipakisha rangi mara tatu. Herufi zote zinakaa, jua na mvua hazizigusi. Kile kistari cha mwisho tu hakikai. Fundi amebadilisha rangi, amebadilisha brashi, mpaka ameanza kunitazama vibaya. Wiki mbili tu, kimeliwa. Mara ya mwisho nilikwenda mapema, umande haujakauka. Juu ya irabu ya kwanza, pasipopakwa kitu, mbao ilikuwa imelowa. Mlalo mmoja mwembamba. Pengine pote pakavu.

Binti yangu asijue kwamba najua. Amejitwisha mzigo ule kwa kunipenda, na nikimtua kwa nguvu atadhani haukuwa na maana.

Mama yao


17 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nakutumia nakala za barua mbili, zisome ukiwa umekaa.

Mama anajua. Binti anadhani mama hajui. Binti anadhani mama alimchagua mwenziwe, na mama anadhani binti alijificha ndani ya mwenziwe. Kumbe chanzo ni mkono ulioandika bila kuchagua. Kila mmoja ameniomba nimfiche mwenzake, na mimi nimekaa katikati kama mlango ulioshikwa pande mbili.

Mchongaji alipita leo. Amepima nafasi. Ameniambia Jumatatu nisipompa jina atapaacha patupu, aendelee na mwaka mwingine. Nimemwambia bora patupu. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, patupu nako ni jina. Watu watalisoma." Nilitamani kumwuliza anajua nini.

Nifanyeje?

Mtoto wa kaka yako


24 Aprili

Mwanangu,

Mimi nilichagua patupu, na unaona tulipofika. Usinirithi hilo.

Wewe ni karani. Kazi ya karani ni kufikisha karatasi kwa mwenyewe. Barua ya mama si yako, ni ya binti. Barua ya binti si yako, ni ya mama. Zimekosea anwani tu.

Badilisha bahasha. Watakulaani kidogo, na laana ndogo haiui mtu.

Shangazi yako


26 Aprili

Mwalimu,

Ndani ya bahasha hii kuna barua isiyoandikwa kwako, na ambayo ni yako. Yako nimempelekea mama leo hii hii. Mlinikabidhi siri na nimezivunja zote mbili kwa mkono mmoja. Nikistahili kufukuzwa kazi, mkuu wangu anapatikana chumba cha pili kutoka ngazi.

Nafasi yenu ukutani nimeizuia. Mchongaji ananuna. Nitangoja.

Karani


29 Mei

Kaka Karani,

Mwezi mzima umengoja, na hukuniandikia hata mara moja kunihimiza. Nimeliona hilo.

Niliposoma barua ya mama nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa shule, na wanafunzi wamepanga mstari wananisubiri nipige filimbi. Sikupiga. Niliwaacha hapohapo nikapanda basi. Nilikuwa nimejaa hasira, juu yako, juu yake, sijui juu ya nani. Miaka kumi na moja nimelala kifudifudi wakati sipendi kulala kifudifudi!

Nilimkuta mama amekaa kizingitini, barua yangu imo mikononi. Hakuinuka. Alinitazama miguuni kwanza, kwenye viatu, kisha usoni. Halafu akalitaja jina langu. Langu, kaka, na sauti ikapanda mwishoni inapotakiwa kupanda. Sikumbuki nani alianza kulia. Nakumbuka jirani alikuja mbio akidhani kuna msiba, na mama akamwambia, "Upo, ila ni wa zamani. Tunaumalizia."

Tumekaa matanga upya, siku tatu, sisi wawili. Kisha tukaenda na fundi kaburini. Akakwangua, akapaka kistari juu ya irabu ya kwanza. Mvua imenyesha mara mbili tangu hapo. Rangi imekaa.

Kwa hiyo andika. Mwaka ule wa kwanza, mshindi ni dada yangu, kistari mwanzo. Mwaka uliofuata ni mimi, kistari mwisho. Fomu mbili zimo humu, yake ameijaza mama. Mchongaji aanze.

Barua ningeishia hapo, na mama ameniambia niishie hapo. Lakini wewe ulitufungulia, na nadhani unastahili kujua yaliyobaki.

Jana mchana nilikuwa nimekaa ukumbini nachagua mchele, mbele ya macho ya mama. Yeye yuko jikoni, mlango wazi, tunaonana. Alitaka nimpelekee kisu. Miaka kumi na moja si mchezo, ulimi una njia zake. Akaita jina la dada.

Nikanyanyua uso nimcheke. Kabla sijafungua mdomo, kutoka chumba cha ndani, kile tulichokuwa tukilala sisi wawili, sauti ikaitika:

"Abee, mama."

Haikuwa ya mbali wala ya kutisha. Ilikuwa ya mtu aliyejilaza mchana, ameshtuliwa kidogo usingizini, na anataka kujua kama ni lazima aamke.

Mama alinitazama, nikamtazama. Nilitaka kuinuka, akaninyooshea kiganja, nikae. Akafuta mikono kwenye kanga. Akatembea mpaka kwenye kile chumba, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Hakuna, mwanangu," akasema. "Nilikuwa namwita mwenzio. Wewe lala."

Kisha akauvuta mlango polepole, na kitasa akakishika mpaka mwisho ili kisilie.

Binti mdogo